Nesi na Mama, Sehemu ya 6: Picha za watoto walionyang'anywa mama zao

Mama zangu wa Digodigo, Samunge na Malambo, na nyie akina baba mnaosomea simu ya mama watoto, leo chanjo na uji tuviweke pembeni kidogo, tuongee historia.

Mwaka 1905 huko Australia Magharibi ilitungwa sheria iliyomfanya ofisa mmoja wa serikali kuwa mlezi halali wa kila mtoto wa Waaborijini, wenyeji wa nchi ile, mpaka afike miaka 16. Mama kazi yake ikawa kuzaa tu, kauli hana. Watoto wengi, hasa waliochanganya damu, walichukuliwa wakalelewe kizungu. Baadhi walipelekwa kambi ya Carrolup, kwenye ardhi ya Wanoongar.

Mwaka 1946 alifika pale mwalimu Noel White na mkewe Lily. Aliwakuta watoto waoga sana. Basi akawa anawatembeza porini, wakirudi darasani anawapa chaki za rangi wachore walichokiona. Jamani, walichora! Miti myeusi mbele ya jua linalozama, kangaruu, wawindaji, ngoma za usiku. Yaani walichora nchi ya wazazi wao.

Mwaka 1949 mama mmoja Mwingereza, Florence Rutter, alizipenda picha hizo akaenda kuzionyesha mpaka London. Sifa zikaenea, lakini mwaka 1950 shule ilifungwa. Revel Cooper, mmoja wa wachoraji wale, baadaye alifungwa, na hata gerezani Fremantle aliendelea kuchora.

Picha nyingi ziliuzwa kwa tajiri wa Marekani, naye mwaka 1966 akazitoa kwa Chuo Kikuu cha Colgate. Zikakaa stoo hadi mwaka 2004, mtafiti Howard Morphy alipozikuta. Mwaka 2013 zikarudishwa Australia, Chuo Kikuu cha Curtin mjini Perth. Kumbe picha zimerudi, lakini ile miaka ya kulelewa na mama hairudishiki. Serikali ya Australia iliomba radhi mwaka 2008.

Msione ni mambo ya mbali. Hapa jirani, Wabelgiji walipotawala Kongo, Rwanda na Burundi, watoto wa baba Mzungu na mama Mwafrika walichukuliwa wakawekwa kwenye misheni, kama ile ya Save, Rwanda. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliwapa haki wanawake watano waliozaliwa Kongo, ikasema kitendo kile kilikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Walikuwa wameshazeeka.

Mimi kama nesi nawaomba jambo moja. Nyumbani kwako kuna mtoto aliyekuja kulelewa, kafiwa au katengana na mama yake? Usimlazimishe kusimulia. Mpe karatasi na kalamu, au kijiti achore chini mchangani. Akimaliza kaa naye, muulize taratibu: hapa ni wapi, na huyu ni nani? Halafu msikilize.

Mwenye swali aniandikie hapo chini.