Timu 5 kali za vyuo Marekani, na ile niliyoisahau

Haya jamani, mwenzenu bado nipo. Wiki mbili hizi mitihani imenibana mpaka nikapotea kabisa. Leo nimepata upenyo, na nina ubishi nataka kuumaliza.

Mlioko nyumbani mnivumilie, maana leo sizungumzii soka. Nazungumzia ule mpira wa Kimarekani wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi halafu wenyewe wanauita mpira wa miguu! Huku vyuoni si mchezo. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake una nafasi za watu 107,601, na wanaocheza pale ni wanafunzi kama mimi na wewe.

Juzi usiku bwenini tukaanza kubishana: timu gani ya chuo ni kubwa kuliko zote tangu mchezo uanze? Mimi nikajifanya mjuaji, nikaandika kwenye karatasi: Alabama, Notre Dame, Michigan, Oklahoma, Yale. Jamaa ninayekaa naye chumba kimoja, kijana mweusi wa Louisiana, akaisoma kisha akaniuliza, "Grambling iko wapi?" Nikamjibu, Grambling ndo nini? Hakucheka wala hakukasirika. Alinirudishia karatasi yangu, akageukia ukutani, akalala.

Basi kesho yake nikaenda maktaba.

Kwanza mjue kwa nini ubishi huu hauishi. Simba na Yanga wakibishana, msimamo wa ligi upo, unahesabu pointi yamekwisha. Huku kwa miaka mingi bingwa wa taifa hakupatikana uwanjani, alipigiwa kura! Kuanzia 1936 waandishi wa habari walipanga timu kwa kura zao, baadaye makocha nao wakawa na kura yao, na mwaka mwingine wakatoka mabingwa wawili. Mtoano wa timu 4 ulianza msimu wa 2014, na timu zikaongezwa kuwa 12 msimu wa 2024. Kwa hiyo makombe ya zamani kila chuo kinajihesabia. Alabama wanadai ubingwa wa 1941, mwaka ambao kura za waandishi ziliwaweka nafasi ya 20. Wacha wee!

Nikaona kuhesabu makombe hakutoshi. Lazima niulize pia: ulimfunga nani, na nani alizuiwa asikutane na wewe? Hii hapa orodha mpya, tunaanzia chini.

5. Yale. Hawa ndo waliutengeneza mchezo. Mechi ya kwanza ya vyuo ilichezwa Novemba 6, 1869, Rutgers wakawafunga Princeton 6-4, lakini ule ulikaribiana zaidi na soka. Sheria zilizoufanya uwe mchezo huu wa leo zilisukumwa sana na Walter Camp, mtu wa Yale. Mwaka 1888 Yale walicheza mechi 13, wakafunga pointi 698, wakafungwa 0. Ndiyo, sifuri. Ila wapinzani walikuwa vyuo vichache tu vya mashariki, basi nafasi ya 5 inawatosha.

4. Michigan. Januari 1, 1902 waliwapiga Stanford 49-0 katika Rose Bowl ya kwanza kabisa, na Novemba 2023 wakawa chuo cha kwanza kufikisha ushindi wa 1,000. Kwa nini basi siwapandishi? Oktoba 1934 Georgia Tech walikuja kucheza Ann Arbor, wakakataa kuingia uwanjani kama Willis Ward, mchezaji mweusi wa Michigan, angecheza. Michigan wakakubali, wakamweka Ward nje kwenye uwanja wao wenyewe. Mwenzake Gerald Ford, huyo huyo aliyekuja kuwa rais wa Marekani, karibu agome kucheza. Walishinda 9-2, na huo ndo ulikuwa ushindi wao pekee mwaka ule. Kumbe ubaguzi haukuwa wa kusini peke yake.

3. Notre Dame. Chuo cha Wakatoliki. Mwaka 1913 walikwenda kuwafunga Jeshi 35-13 kwa kurusha pasi ndefu za mbele, jambo ambalo wengi walikuwa hawajalizoea. Mmoja wa wadakaji alikuwa Knute Rockne, ambaye baadaye kama kocha (1918 hadi 1930) alishinda mechi 105, akapoteza 12, sare 5. Hawa hawa ndo waliokata mkia wa Oklahoma mwaka 1957, Oklahoma wakiwa wameshinda mechi 47 mfululizo! Lakini nao wachezaji weusi waliwachezesha mara ya kwanza 1953.

2. Grambling. Sasa hapa ndo nilipojiona mjinga. Ni chuo cha watu weusi katika mji mdogo wa Louisiana. Kocha Eddie Robinson alianza kazi 1941 akaiacha 1997, na ushindi 408. Wa kwanza katika historia kufikisha 400.

Najua mtasema alizifunga timu ndogo. Sawa, lakini nani alimkataza kucheza na kubwa? Kwa miaka mingi vyuo vikubwa vya kusini havikuwachukua weusi wala kucheza na vyuo vyao. Walikutana wapi basi? Kwenye ligi ya kulipwa, na huko ushahidi upo. Tank Younger alisajiliwa na Los Angeles Rams mwaka 1949, wa kwanza kutoka chuo cha weusi kuingia ligi ile. Buck Buchanan alichaguliwa wa kwanza kabisa katika uteuzi wa ligi ya AFL mwaka 1963. Willie Davis, Willie Brown, Buchanan na Charlie Joiner wote wamo katika jumba la magwiji. Na Januari 31, 1988 Doug Williams akawa mrusha pasi mkuu wa kwanza mweusi kushinda Super Bowl, Washington 42, Denver 10. Wote hao wametoka chuo ambacho mimi sikukijua!

1. Alabama. Msinune, nitajieleza. Wanadai mataji 18. Matatu ya 1961, 1964 na 1965 waliyachukua chini ya kocha Bear Bryant, timu nzima weupe. Mwaka 1966 hawakufungwa mechi hata moja, lakini kura ziliwaweka wa tatu, nyuma ya Notre Dame na Michigan State waliotoka sare 10-10. Mpaka leo mashabiki wao wanalia wameibiwa. Lakini mtazame Bubba Smith, jitu la Michigan State. Ni mtoto wa Texas, aliyekwenda baridi ya kaskazini kwa sababu vyuo vikubwa vya kwao havikumtaka. Notre Dame wenyewe walikuwa na mweusi mmoja tu, Alan Page, aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Minnesota.

Septemba 12, 1970 USC walikwenda Birmingham wakawapiga Alabama 42-21, na Sam Cunningham, mweusi, akawakimbilia yadi 135. Wengine husema siku hiyo ndo ilimfungua macho Bryant. Si kweli kabisa, maana Wilbur Jackson alikuwa ameshasajiliwa na alikuwa jukwaani anaangalia, mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kucheza. Ila baada ya kipigo kile hakuna aliyeweza kumpinga.

Sasa fanya hesabu. Futa mataji yote 8 ya kabla ya hapo, ya enzi ya weupe watupu. Yanabaki 10, na 6 kati yake ni ya kocha Nick Saban, 2009 hadi 2020. Hata ukifuta, bado ni wa kwanza. Walikuwa wakubwa zaidi walipofungua mlango kuliko walipoufunga.

Orodha hii nimeibandika mlangoni kwetu. Jamaa kaisoma, kasimama kidogo, kachukua kalamu, kafuta 2 ya Grambling kaandika 1. Sijaibadilisha tena, nimeiacha hivo hivo.

Nawe kama una yako, nishushie. Ngoja nirudi kwenye vitabu.