Chumvi ndiyo adui wa mashine ya boti: jinsi ya kuzuia kutu

Kuanzia Vanga hadi Kiunga, mashine ya boti si anasa. Ndiyo inayompeleka mvuvi bahari kuu, ndiyo inayomvusha mama mja mzito kutoka Faza hadi hospitali ya Lamu usiku wa manane. Ikizima mlangoni mwa bahari wakati wa kusi, roho za watu ziko hatarini. Aghalabu hulaumiwa petroli au fundi. Lakini mashine hiyo ikifunguliwa, mara nyingi hukutwa imeziba chumvi na kuliwa kutu.

Kwa nini mashine huliwa

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Maji hayo ndiyo yanayovutwa na pampu kuipoza mashine. Ukiizima, yanayobaki ndani hukauka na kuacha chumvi kwenye njia za maji. Siku baada ya siku njia husongwa, mashine hupata moto kupita kiasi, na chumvi hiyohiyo huendelea kula chuma.

La pili ni kugusana kwa madini mbalimbali. Mwili wa mashine ni alumini, boliti na shafti ni chuma kisichoshika kutu. Madini mawili yakigusana ndani ya maji ya chumvi, umeme mdogo hupita baina yao, na lililo dhaifu huliwa. Hapa dhaifu ni alumini. Ukiona unga mweupe chini ya rangi iliyovimba, ujue ni alumini inaliwa. Rangi ya kahawia ni kutu ya chuma, na kijani kwenye nyaya ni shaba.

Osha kila ukirudi

Dawa ya kwanza ni maji matamu. Weka mguu wa mashine ndani ya pipa, maji yapite juu ya matundu ya kuvutia maji. Hakikisha gia iko huru, kisha iwashe kwa mwendo wa chini kwa dakika 10 hadi 15. Ukiweza, vua propela kwanza. Fanya kazi hii mahali pa wazi, kwani moshi wake ni sumu. Tazama mchirizi wa maji unaotoka ubavuni. Ukiwa hafifu au ukikatika, zima; huenda njia imeziba au impela ya pampu imechakaa.

Ukimaliza, iache mashine wima maji yachuruzike yote. Usiilaze propela ikiwa juu kuliko kichwa, maji yataingia kwenye silinda. Na boti ikiwa imetia nanga, inua mguu utoke majini.

Wapo watakaouliza, maji matamu tutapata wapi Kiwayu au Ndau, ambako watu hunywa ya jabia? Si lazima yawe ya kunywa. Maji ya kisima yenye chumvichumvi bado ni afadhali mno kuliko ya bahari, na pipa moja laweza kutumika zaidi ya mara moja kabla halijawa chumvi.

Zinki: kinachojitolea kuliwa

Mwaka 1824 Mwingereza Humphry Davy alipendekeza vipande vya zinki au chuma vifungwe kwenye shaba iliyofunika meli za kivita za nchi yake, ili viliwe vyenyewe na shaba isalimike. Mashine zetu zinatumia ujuzi huohuo. Kile kipande cha kijivu juu ya propela, na kingine kwenye kibano cha nyuma ya boti, kazi yake ni kuliwa badala ya mashine.

Kikiisha nusu, kibadilishe. Usikipake rangi wala girisi, hakitafanya kazi. Hakikisha kinagusa chuma kitupu pale kinapofungwa. Vipande vya magnesi ni vya maji matamu, visitumike baharini.

Boliti, rangi na nyaya

Boliti ya chuma iliyofungwa kwenye alumini bila girisi ya baharini, baada ya muda haifunguki, hukatika. Zifungue mara kwa mara na uzipake. Shafti ya propela nayo ipakwe.

Palipokwaruzika, ondoa unga kwa msasa au brashi ya nailoni. Brashi ya waya wa kawaida huacha vipande vya chuma vinavyoanzisha kutu upya. Osha, kausha, paka rangi ya kwanza ya alumini, kisha ya juu. Rangi yenye shaba, ile ya kuzuia chaza kwenye mbao, usiiguse kwenye mashine, maana shaba huimaliza alumini.

Oili ya giaboksi ibadilishwe kila saa 100 za kazi au miezi 6. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Seli zibadilishwe kabla ya kurudi baharini.

Mashine ikizama

Usiiache ikauke. Kutu huanza mara tu hewa inapoigusa. Ioshe kwa maji matamu, vua plagi, mwaga maji yote pamoja na ya kwenye kabureta, tia oili kwenye silinda na uizungushe kwa mkono. Ikigoma, usilazimishe. Kama fundi yuko mbali, itie kwenye pipa la maji matamu hadi afike.

Jukumu ni la nani?

Mashine za shirika ndizo zinazokufa upesi. Kila mmoja huitumia, na kila mmoja hudhani mwenzake ataiosha. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kila diko liwe na pipa lake, na kila kikundi cha BMU kiwe na daftari la kuandika nani ameosha na lini zinki ilibadilishwa. Zinki ni bei ndogo. Mashine mpya wengi wetu hatuiwezi, na maisha ya abiria hayana bei.