Kisangani: mji uliozaliwa pale meli zilipokwama

Meli zinazotoka Kinshasa hupanda mto Kongo kiasi cha kilomita 1,700, kisha zikifika Kisangani hazina pa kwenda. Mbele yake kuna maporomoko ya Boyoma, saba kwa idadi, yaliyopangana kwenye kilomita 100 hivi za mto. Hapo mzigo lazima ushuke. Ukishalijua hilo, unaweza kuuzunguka mji huu kwa miguu yako mwenyewe bila mtu wa kukuongoza, maana karibu kila aliyeupigania alifuata kituo hicho cha kushushia mizigo.

Anzia kwa Wagenia, kwenye poromoko la mwisho, mashariki ya katikati ya mji. Wavuvi hawa husimika magogo kwenye matundu ya miamba, maji yakienda kasi chini yao, huyafunga kwa kamba za msituni, kisha huning'iniza madema marefu yenye mdomo mpana. Samaki akisukumwa ndani na mkondo, hana nguvu ya kurudi. Mvumbuzi Henry Morton Stanley aliukuta uvuvi huu Januari 1877. Wengine wote walilaani maporomoko. Wagenia wameyafanya shamba.

Ukiteremka kuelekea mjini, usitafute boma la Tippu Tip bali habari zake. Mzanzibari huyu, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, jina lake Hamed bin Muhammed el-Murjebi, na wenzake walijikita hapa miaka ile ile ya 1880; Stanley naye alirudi mwaka 1883 kumfungulia kituo Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mwaka 1886 pande mbili zikapigana, Wazungu wakakikimbia kituo. Leopold hakuwa na jeshi la kutosha, basi mwaka 1887 akamfanya Tippu Tip liwali wa eneo hilo, kwa mshahara. Ajabu ya mfalme aliyekuwa akijitangaza Ulaya kama adui wa biashara ya utumwa! Kiswahili unachokisikia leo barabarani, kikichanganyika na Kilingala, kilifika huku na misafara hiyo ya pembe na watumwa. Si urithi wa kuonea fahari tu.

Katika mtaa wa Makiso, karibu na mto, kuna kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire. Lipite taratibu, lakini nguvu zako ziwekee habari za posta. Mji ulipokuwa ukiitwa Stanleyville, karani wa posta alikuwa Patrice Lumumba, aliyekuja hapa kijana katika miaka ya 1940. Mwaka 1956 alikamatwa kwa shtaka la fedha za posta. Oktoba 1959 chama chake, MNC, kilifanya mkutano mjini humu, ghasia zikazuka, watu wakauawa, naye akatiwa tena ndani. Januari 1960 alitolewa ili aende Brussels kuzungumzia uhuru. Miezi mitano baadaye alikuwa waziri mkuu wa Kongo.

Kuhusu mwaka 1964 wazee wa mji wana mengi kuliko kuta. Waasi walioitwa Simba, waliokuwa wakiipiga serikali, waliuteka mji Agosti. Tarehe 24 Novemba makomando wa Ubelgiji wakashuka kwa miavuli kutoka ndege za Marekani kuwaokoa Wazungu waliokuwa mateka wa waasi hao. Jina la Stanleyville lilifutwa mwaka 1966. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda, yote ya kigeni, yalipigana hapa siku sita na kuua mamia ya raia. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya 1998 hadi 2003.

Mwisho vuka kwa mtumbwi hadi Lubunga, ng'ambo ya kushoto. Patana nauli kabla hujapanda. Huko ndiko inakoanzia reli iliyofunguliwa mwaka 1906, kilomita 125 hadi Ubundu, iliyojengwa ili mzigo uyazunguke maporomoko na kupakiwa tena majini kuelekea Kindu.