Asili ya Swichi ya Mtandao

Katika vyumba vingi vya kompyuta siku hizi, vya shule na vya maofisi, hukosi kuona kisanduku chenye matundu safu kwa safu, na taa ndogo zikipepesa juu ya kila tundu. Jina lake ni swichi. Wanafunzi hukipita bila kukitazama, maana hakina kioo wala vitufe vya kuchapia. Lakini aghalabu ujumbe utokao katika kompyuta moja kwenda nyingine hupitia humo, na mwenye kukiamuru kisanduku hicho ndiye aamuaye nani azungumze na nani. Mamlaka hayo hayakuwapo hapo mwanzo. Yalizaliwa kidogo kidogo, kwa muda wa miaka 25 hivi.

Mwanzo wake ni waya mmoja. Tarehe 22 Mei, 1973, Mmarekani aitwaye Robert Metcalfe, mfanyakazi wa maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, aliandika waraka wa kueleza namna ya kuunganisha kompyuta nyingi zilizo karibu karibu. Akaifanya kazi hiyo pamoja na David Boggs. Wazo la msingi lilitoka Hawaii, ambako Norman Abramson na wenzake wa chuo kikuu walikuwa wameunganisha visiwa kwa redio tangu mwaka 1971. Huko kila kituo kilisema kilipotaka. Ujumbe wa vituo viwili ukigongana uliharibika, na kila kimoja kikangoja muda usiopangwa, kisha kikarudia. Metcalfe aliongeza adabu: sikiliza kwanza, na ukisikia mwingine anasema, nyamaza. Mtambo wake aliuita Etheneti, kwa jina la etha, kitu ambacho wataalamu wa karne ya 19 walidhani kimejaa angani kikichukua nuru. Etha haikuwapo kamwe, lakini jina lake limedumu.

Waya huo ulikuwa kama baraza la watu waliokaa duara: asemapo mmoja, husikia wote. Kwa watu wachache hapana neno. Mwaka 1980 kampuni za Digital, Intel na Xerox zilitangaza kanuni za pamoja, na kasi ikawa biti milioni 10 kwa sekunde. Lakini kasi hiyo iligawanywa baina ya wote waliomo, na hapakuwa na siri. Mwenye hila aliweza kusikiliza yasiyomhusu.

Dawa ya kwanza ilikuwa daraja, kifaa cha kuunganisha nyaya mbili. Ustadi wake ni kwamba hakuna mtu alifundishaye. Likiona ujumbe umetoka kwa kompyuta fulani upande wa kushoto, hukumbuka kwamba mwenye anwani ile yuko kushoto, na tangu hapo halivushi ng'ambo maneno ya majirani wa kushoto wao kwa wao. Lisipomjua mwenye kupelekewa, hupeleka ujumbe pande zote zilizobaki. Na hapo ndipo hatari ilipojificha. Mtu akiunganisha madaraja kwa njia mbili, pengine ili moja ikikatika nyingine ifae, ujumbe uendao kwa wote huzunguka bila kikomo, ukijizidisha, hata mtandao wote ukazimia.

Aliyeitatua shida hiyo ni Radia Perlman, mtaalamu wa kampuni ya Digital, mwaka 1985. Itifaki yake huyafanya madaraja yenyewe yapelekeane habari na kuchagua moja liwe shina; kila jingine hutafuta njia fupi ya kufika kwenye shina, na njia zinazobaki hufungwa. Njia iliyo wazi ikikatika, iliyofungwa hufunguliwa. Hivyo mtandao huwa kama mti: una matawi, hauna duara. Perlman alitunga na shairi la kueleza kazi hiyo, na naona ni vema washairi wetu wajue kwamba hata hesabu za nyaya zimewahi kutungiwa beti.

Mwaka 1990 kampuni ya Kalpana, ya huko huko California, ilianza kuuza daraja lenye matundu mengi, lililoweza kupitisha mazungumzo kadhaa kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo swichi. Baraza likavunjika, kila mtu akapata njia yake.

Sasa yafaa tutofautishe. Swichi ya kawaida huchomekwa tu ikafanya kazi, wala haiulizwi kitu. Swichi ya kusimamiwa hupokea amri. Mtaalamu huifikia kwa waya maalumu, au kwa mtandao wenyewe, akaipa jina na anwani, kisha kwanza kabisa akabadilisha nywila iliyotoka nayo kiwandani, maana nywila hiyo yajulikana na kila asomaye kitabu cha maelezo yake. Hufunga matundu yasiyotumika. Huweza pia kuigawa swichi moja iwe kama swichi kadhaa, hivyo kompyuta za wahasibu zisionane na za wanafunzi, ingawa zimechomekwa kisanduku kimoja. Kanuni za mitandao pepe ya namna hiyo zilitolewa mwaka 1998. Mwishoni huhifadhi amri zake. Katika swichi nyingi, asiyehifadhi atazikosa umeme ukikatika.

Uwezo huo wote hautoshi pasipo mtu wa kuangalia. Hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston ilitokana na hospitali mbili zilizoungana mwaka 1996, na mtandao wake ulikua kwa kuongezwa kipande juu ya kipande. Kanuni ilishauri ujumbe usipite swichi zaidi ya 7 mfululizo. Mtandao ule ulikuwa umevuka mpaka huo. Mwezi wa Novemba 2002, mzigo mkubwa wa data ulipoingia, swichi zilishindwa kupashana habari kwa wakati, mti wa Perlman ukavurugika, na ujumbe ukaanza kuzunguka. Kwa siku 4 hivi hospitali ilirudia karatasi. Matarishi walikimbia wakichukua majibu ya maabara mkononi, na madaktari vijana, waliozoea kuandikia dawa kwenye kompyuta, ilibidi waonyeshwe na wazee wao namna ya kuziandika kwa kalamu. Mafundi waliigawa mitambo ile sehemu mbalimbali, ili ajali ya sehemu moja isivuke kwenda nyingine.