Mieleka ya vyuo Marekani: ubingwa unaokumbukwa kwa walioshindwa

Kabla Brock Lesnar hajawa jina la kutisha kwenye mieleka ya televisheni zetu, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, na mwaka 2000 alitwaa ubingwa wa mieleka wa vyuo vikuu vya Marekani katika uzito wa juu. Kurt Angle, nyota mwingine wa mieleka hiyo, alikuwa ameutwaa mara mbili, 1990 na 1992, akitokea chuo kidogo cha Clarion, Pennsylvania, kisha akachukua dhahabu ya Olimpiki mjini Atlanta 1996. Mieleka waliyocheza chuoni haina kamba wala viti vya kurushiana, na hakuna anayemjua mshindi kabla ya filimbi ya mwisho. Ni vijana wawili juu ya mkeka kwa dakika saba. Hiyo ndiyo iliyonipeleka Philadelphia, kwenye mashindano ya ubingwa huo, Machi 2025, na historia yake sichoki kuisimulia.

Mashindano haya yalianza 1928 katika chuo cha Iowa State, mjini Ames. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya mtu mmoja, Edward Gallagher, kocha wa Oklahoma A&M, chuo kinachoitwa leo Oklahoma State. Gallagher hakuwahi kuwa mwanamieleka. Alikuwa mwanariadha aliyesomea uhandisi, na aliutazama mwili wa mchezaji kama fundi anavyoutazama mtambo: uzito umeegemea wapi, ukisukuma hapa kitatikisika nini kule. Alifariki 1940, lakini chuo chake bado ndicho chenye mataji mengi ya timu kuliko vyote, 34.

Lakini mashabiki wa mchezo huu wakikaa pamoja, mazungumzo hayakawii kufika 1970, mwaka wa Dan Gable.

Gable, mtoto wa Waterloo, Iowa, alimaliza shule ya sekondari bila kushindwa hata mara moja, akaingia Iowa State na kuendelea vilevile. Alipofika fainali yake ya mwisho ya chuo, katika ukumbi wa McGaw mjini Evanston, alikuwa ameshinda mapambano 181 mfululizo. Mpinzani wake alikuwa Larry Owings wa Chuo Kikuu cha Washington, kijana wa mwaka wa pili aliyejipunguza hadi ratili 142, yaani kilo 64 hivi, kwa sababu uzito huo ndio aliokuwemo Gable. Na hakulificha lengo lake. Alisema wazi kwamba amekuja kumshinda. Dakika za mwisho Owings alimwangusha Gable na kumgeuza mgongo kuelekea mkekani, na ubao ukasomeka 13 kwa 11. Gable alipopanda jukwaa la washindi, kwenye nafasi ya pili, ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi huku akilia.

Wahenga wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Gable hakukubali. Siku ile aliibeba ndani ya kila zoezi alilofanya baadaye, na miaka miwili mbele, kwenye Olimpiki ya Munich 1972, alitwaa dhahabu bila mpinzani yeyote kupata hata pointi moja dhidi yake. Kisha akawa kocha wa Chuo Kikuu cha Iowa na kukipa mataji 15, tisa kati yake yakifuatana, kuanzia 1978 hadi 1986. Nani angemjenga mtu wa namna hiyo kama si Owings? Owings mwenyewe hakutwaa tena ubingwa huo, na chuo chake baadaye kilifuta kabisa timu ya mieleka. Namheshimu sana. Alitimiza ahadi aliyoitoa mbele ya watu wote, jambo ambalo wanamieleka wa nchi nzima walikuwa wameshindwa kulifanya.

Utaratibu wa mashindano unasaidia kueleza kwa nini kushindwa kuna uzito mkubwa hapa. Kuna madaraja kumi ya uzito, kila moja lina wachezaji 33, na yote huchezwa kwa siku tatu, Alhamisi hadi Jumamosi, mikeka minane ikifanya kazi kwa wakati mmoja siku ya kwanza. Kumwangusha mwenzako na kumdhibiti ni pointi tatu. Zilikuwa mbili hadi sheria ilipobadilishwa kwa msimu wa 2023–24. Anayechoropoka hupata moja. Ukiyagusisha mabega yake mawili mkekani, pambano limekwisha hapo hapo.

Anayeshindwa mara moja haendi nyumbani. Anahamia upande wa pili wa ratiba, ambako ubingwa haupo tena lakini nafasi ya tatu bado ipo, na nafasi nane za juu huitwa All-American, heshima ambayo mtu hubaki nayo maisha yake yote. Ijumaa usiku, wakati nusu fainali zikichezwa, upande huo wa pili huwa na pambano ambalo mashabiki huliita raundi ya damu. Mshindi anaingia katika nane bora. Anayeshindwa amemaliza msimu, na kama ni mwaka wake wa mwisho, amemaliza mieleka ya chuo. Kwangu hiyo ndiyo saa bora ya mashindano yote. Macho ya televisheni yako kwenye nusu fainali. Mimi hutazama kona ile nyingine, ambako kijana aliyeamka tangu umri wa miaka sita kwenda mazoezini anapigania nafasi ya nane kana kwamba ni kiti cha enzi. Ukikaa karibu utawaona wazazi wao. Wengine hawawezi kutazama.

Mchezo huu pia una mabingwa ambao ushindi wao haukuwa wao peke yao. Simon Roberts wa Iowa, mwaka 1957 mjini Pittsburgh, alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa bingwa. Anthony Robles wa Arizona State, aliyezaliwa na mguu mmoja, alimaliza msimu wa 2011 bila kushindwa na akawa bingwa wa ratili 125 Philadelphia.

Na una doa lake. Mwishoni mwa 1997, wanafunzi watatu wa vyuo tofauti walifariki ndani ya wiki chache wakijikausha maji ili watimize uzito. Baada ya hapo suti za mpira na vyumba vya mvuke vilipigwa marufuku, kipimo cha uzito kikasogezwa karibu na muda wa pambano, na madaraja yenyewe yakapandishwa. Hatua hizo zilistahili kuchukuliwa miaka mingi kabla.

Philadelphia 2025 fainali ya uzito wa juu ilimkutanisha Gable Steveson wa Minnesota, bingwa wa Olimpiki ya Tokyo ambaye wazazi wake walimpa jina la Dan Gable, na Wyatt Hendrickson wa Oklahoma State, mhitimu wa chuo cha jeshi la anga. Steveson alikuwa ameshinda mapambano 70 mfululizo. Alikuwa akiongoza 4 kwa 2 zikiwa zimebaki sekunde chache, Hendrickson akaingia miguuni, akamwangusha, ikawa 5 kwa 4. Ukumbi ulilipuka, nami nikapiga kelele pamoja na watu nisiowajua hata mmoja.

Januari ya mwaka huohuo, vyuo vilikuwa vimeidhinisha ubingwa wa taifa wa wanawake, wa kwanza ukipangwa kwa 2026. Wasichana hao wameshinda na kushindwa kwa miaka mingi katika mashindano yasiyo na hadhi hiyo. Ninataka kuiona raundi yao ya damu.