«Yaani» ya Waingereza: historia fupi ya maneno «that is»

Kila lugha iandikwayo huhitaji njia ya kufafanua lile lililokwisha kusemwa. Kiswahili kilijipatia «yaani» kutoka Kiarabu. Kifaransa kina «c'est-à-dire», ambacho mwangwi wake ni «ni kusema» ya Lubumbashi. Kiingereza hutumia «that is», pamoja na kifupisho «i.e.».

Asili ya kifupisho hicho ni «id est» ya Kilatini. Wanakili wa zama za kati, walipofafanua neno gumu ukingoni mwa ukurasa, waliandika herufi i peke yake kati ya nukta mbili. Huko Uingereza, mwishoni mwa karne ya 10, mtawa Ælfric alitumia «þæt is» kwa ajili ya wasiojua Kilatini. Kifaransa kilipata nguvu nchini humo baada ya ushindi wa Wanormani wa mwaka 1066, na «that is to say» yalingana neno kwa neno na «c'est-à-dire». Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 huyatumia maneno hayo katika Mathayo 27:46, inapofasiri kilio cha Yesu msalabani. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 huweka hapo «yaani».

Kisarufi, «that is» huunganisha pande mbili zilizo sawa. «E.g.», kifupisho cha «exempli gratia», hutoa mfano tu. Tofauti hiyo si ndogo. Kanuni ikisema kwamba posho italipwa kwa watumishi wa chuo, yaani maprofesa na wasaidizi wao, mtunza maktaba hana lake. Ikisema «kwa mfano», naye aweza kudai. Mfasiri akichanganya vifupisho hivyo viwili, mtu hupoteza haki yake.

Kuhusu vituo, desturi imebadilika. Zamani alama zilipima pumzi ya msomaji: katika sarufi yake ya mwaka 1762, Robert Lowth alizilinganisha na noti za muziki, kila kituo kikiwa maradufu ya kile kilicho chini yake. Baadaye muundo wa sentensi ndio uliotawala. «That is» huzungukwa na koma. Ikifuatwa na sentensi kamili, hutanguliwa na nuktamkato au kistari kirefu. Kuhusu «i.e.» hakuna umoja: Wamarekani kwa kawaida huweka koma baada yake, ilhali Waingereza wengi huiacha.

Mwaka 2016 idara ya huduma za kidijitali ya serikali ya Uingereza ilitangaza kuviacha vifupisho hivyo hatua kwa hatua, kwa kuwa programu zinazowasomea vipofu zilikosea kuvitamka. «Eg» ilisomwa kama neno la yai. Hivyo Kiingereza cha serikali kinarejea kwenye maneno kamili, kama yalivyoandikwa na Ælfric. Koma huja na kuondoka. Usawa wa pande mbili ndio sheria isiyobadilika, na ndio anaopaswa kuuchunga kila mfasiri.