Mtarimbo wa Vermont na Karata za Iowa

Septemba 13, 1848, karibu na Cavendish, Vermont, mnyapara wa reli aitwaye Phineas Gage alikuwa akishindilia baruti kwenye tundu la mwamba. Ikalipuka kabla ya wakati. Mtarimbo wa zaidi ya mita moja, wenye uzito wa kilo 6, ukapenya shavu lake la kushoto na kutokea utosini. Gage, kijana wa miaka 25, hakufa. Alipelekwa mjini ameketi kwenye mkokoteni wa ng'ombe.

Mwaka 1868 daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba mchapakazi huyo mwerevu alikuwa amegeuka: akitukana, hashauriki, akipanga jambo na kuliacha papo hapo.

Tangu hapo kisa kimetiwa chumvi mno. Simulizi nyingi humfanya Gage mzururaji tu, ilhali kwa miaka kadhaa aliendesha magari ya farasi huko Chile, kazi isiyomfaa mtu asiyejua kupanga. Alifariki California mwaka 1860, na ubongo wake haukuchunguzwa. Lilibaki fuvu, ambalo Hanna Damasio na wenzake walilitumia mwaka 1994 kukadiria kwa kompyuta mtarimbo ulipita wapi.

Ushahidi mzito zaidi kwamba jeraha la mbele ya ubongo huvuruga maamuzi ulitoka kwa wagonjwa walio hai, Chuo Kikuu cha Iowa. Mmoja, aliyepewa jina la Elliot, alikuwa ameondolewa uvimbe kwenye sehemu ya mbele ya ubongo. Vipimo vya akili alivifaulu vizuri. Kazi, akiba na ndoa vikamponyoka. Aliweza kutaja njia zote za kutatua jambo, kisha asijue ashike ipi. Mtafiti aliyemchunguza, Antonio Damasio, alishuku kwamba kilichopungua ni hisia.

Ili kulipima wazo hilo, Antoine Bechara na wenzake wakabuni mchezo wa mafungu manne ya karata. Mawili hulipa vinono lakini faini zake hukomba kila kitu. Mawili hulipa kidogo na kuacha faida. Mwaka 1997 waliripoti kuwa viganja vya wachezaji wazima huanza kutoa jasho kabla ya kugusa fungu baya, hata kabla hawajaweza kueleza sababu. Wagonjwa wenye jeraha kama la Elliot hawakutoa jasho hilo. Baadhi yao walilitambua fungu baya, wakaendelea kulichota.

Mwaka 2004 Tiago Maia na James McClelland waliwahoji wachezaji wazima kwa kina zaidi, wakakuta wanajua mengi mapema kuliko ilivyodhaniwa. Dai la mwili kuutangulia ufahamu likatiwa shaka. Hasara za wagonjwa hazikupingwa.